Wapiga Mbiu wa Mwilini: Nani Anashika Rekodi?

Kwa wingi, hakuna wa kushindana na neutrofili. Katika kila seli nyeupe 10 za damu ya mtu mzima, tano hadi saba ni hizo, na uboho hutengeneza takriban bilioni 100 kila siku. Usaha wa jipu, sehemu kubwa ni mizoga ya neutrofili. Ila wingi haunivutii sana, kwa kuwa neutrofili isiyoitwa hupita tu na mkondo wa damu. Ubingwa ni wa anayeita.

Kwa kasi, taji ni la seli za masti, zinazokaa ngozini kando ya mishipa. Histamini na TNF, protini ya kuamsha seli nyingine, zimeshafungashwa ndani yake. Bakteria wakiingia, makrofaji, seli zinazomeza vijidudu, hulazimika kwanza kuitengeneza TNF. Seli ya masti huifyatua papo hapo. Mishipa hutanuka, ngozi huwa nyekundu, neutrofili hupenya.

Mbiu inayofika mbali zaidi ni ya neutrofili zenyewe. Mwaka 2013, Tim Lämmermann na wenzake walieleza walichokiona kwenye ngozi hai ya panya iliyojeruhiwa kwa leza. Chache zilitangulia, baadhi zikafa, na zilizobaki zikamwaga LTB4, kemikali itokanayo na mafuta. Kila iliyoitika ilimwaga yake, hata zilizokuwa mbali zikaja kwa makundi kama siafu. Nani huzizuia? Hapo ndipo utamu ulipo: mwaka 2021 kundi la Lämmermann lilionyesha kwamba LTB4 ikizidi, protini ya GRK2 huzifanya neutrofili ziwe viziwi kwa mbiu yao, zikatulia mahali pamoja. Panya wasio na GRK2 katika neutrofili zao walidhibiti bakteria vibaya zaidi, maana askari wao walizurura tu.

Kwa kuchelewa, ni seli za dendriti, ambazo huenda hadi kwenye tezi za limfu kuziamsha seli T, seli nyeupe ambazo kila moja hulenga kijidudu maalumu. Ralph Steinman, aliyezitambulisha mwaka 1973, alitangazwa mshindi wa Nobel mwaka 2011, siku tatu baada ya kufariki. Kamati haikuwa na habari.

Lakini rekodi ya kuamsha wengi kwa mpigo si ya mwili. Kwa kawaida kipande cha kijidudu huamsha chini ya seli T moja katika 10,000. Sumu fulani za bakteria Staphylococcus aureus huziunganisha seli T na makrofaji kiholela, zikaamka hata moja katika kila tano. TNF hufurika, presha ya damu huporomoka, na mgonjwa huweza kufa kwa kelele za kinga yake mwenyewe.