Ushahidi Kwanza, Shauri Baadaye

Apitaye sokoni Moshi, au apandaye njia ya Kibosho, hakosi kuwaona vijana wazuri, wenye afya, ambao wakicheka hufunika kinywa kwa kiganja. Meno yao yana madoa ya kahawia, na mengine yamemomonyoka. Mswaki hauwezi kuyaondoa, kwa kuwa doa hilo liliingia utotoni, jino lingali likiumbwa ndani ya ufizi.

Asili yake ilijulikana kwa taabu. Huko Colorado, Marekani, daktari wa meno Frederick McKay alianza kuichunguza mwaka 1901. Wenyeji walimpa sababu za kila namna, hata vyakula vyao vikalaumiwa. Yeye hakuridhika na maneno matupu. Ilipita miaka 30, na mwaka 1931 ndipo floridi iliyomo majini ilipotambuliwa.

Basi mwanafunzi wa udaktari wa meno afikapo kwetu huwa na jibu tayari: ni maji. Hapana shaka ni kweli. Lakini je, ni kweli kila mahali? Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulikuta madoa mabaya sana kwa wakazi wa miteremko ya mlima wetu wanywao maji yenye floridi kidogo mno. Watafiti wakapima magadi, yale tuyatiayo katika maharage yapate kuiva upesi, wakakuta mengine yana floridi nyingi ajabu. Tena mwinuko wa nchi nao ukaonekana una uhusiano na madoa hayo.

Hapa ndipo penye mtihani. Mwanafunzi mvivu atashika habari ya kwanza aionayo katika intaneti na kuihubiri. Mwanafunzi hodari atauliza: Walipimwa watoto wangapi? Magadi hayo yalitoka wapi? Waliolinganishwa walikula chakula cha namna moja? Nani mwingine amepima, naye amepata nini? Maana mambo mawili kuonekana pamoja si hoja kwamba moja limezaa jingine.

Wala huu si mchezo wa vitabu. Kijiji kikiambiwa kosa ni maji, kitachanga fedha na kuchimba mfereji mpya. Na kama sumu yatoka chunguni, watoto wake wataota meno yale yale. Kikiambiwa ni magadi tu, hali kisima chake kimepita miligramu 1.5 za floridi kwa lita, kipimo cha Shirika la Afya Duniani, hasara ni ile ile.

Kwa hiyo twawaomba walimu wa Muhimbili na wa vyuo vingine wasiwape vijana majibu ya kukariri tu. Wawafundishe kutafuta ushahidi, kuupima, na kusema wazi pale usipotosha. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kumshauri mama wa Kibosho juu ya chungu chake kabla hujajua kilichomo ndani.