Kupunguza Mwili Si Kuacha Maharagi

Ndugu wafanyakazi, wenzetu wenye kazi ya kukaa hutuuliza jambo moja. Karani wa Gitega, mji uliofanywa makao makuu ya siasa mwaka 2019, anakaa kitini tangu asubuhi. Dereva wa lori anayepita Muyinga kwenda mpaka wa Kobero anakaa vilevile. Tumbo limekua, shinikizo la damu limeanza. Wengi huanza kwa kuacha maharagi, eti ni chakula kizito. Sisi hatukubali.

Tupige hesabu. Bakuli la maharagi yaliyochemshwa, gramu 170 hivi, lina protini gramu 15 na kalori kama 220. Chupa kubwa ya bia, sentilita 72, ina kalori kama 300, na protini yake si ya kutajwa. Kijiko kikubwa cha mafuta ni kalori 120, na wapishi wetu hawahesabu vijiko! Mwenye kunenepesha ni nani basi? Maharagi hukaa tumboni muda mrefu, na aliyeshiba vizuri saa sita hatafuti mandazi saa tisa.

Anayejinyima chakula chote hupoteza mafuta na misuli pamoja, na misuli ndiyo mtaji wa mfanyakazi. Mtu mzima huhitaji protini gramu 0.8 hivi kwa kila kilo ya uzito wake, kila siku. Mwenye kilo 70 anahitaji gramu 56. Ugali wa muhogo peke yake haufiki huko hata karibu. Maharagi yakiliwa pamoja na mahindi au wali hukamilishana. Karanga kidogo ndani ya isombe nazo husaidia. Mwenye ugonjwa wa figo amwulize daktari kwanza.

Lakini tusiandike kana kwamba wafanyakazi wote wananenepa. Mbeba magunia hapungui kwa kupenda, hupunguzwa na bei ya maharagi sokoni. Uchunguzi wa afya wa mwaka 2016-2017 ulikuta kwamba katika Burundi watoto 56 kwa kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Baba anayekunywa bia mbili kilabuni na mtoto aliyedumaa huenda wakalala nyumba moja. Tunalisema hili bila haya. Na anayekonda bila kutaka, hasa akiwa na kikohozi kisichokwisha au kiu ya kila saa, aende kituo cha afya upesi.

Maharagi yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, kisha yachemshwe hadi yaive kabisa, maana mabichi yana sumu. Kuloweka kunaokoa makaa pia.

Wajumbe wa matawi ya Gitega na Muyinga, wekeni chungu cha mchana katika madai yenu mnapokutana na waajiri: maharagi, mboga, mafuta kwa kipimo, na muda wa kutosha wa kula.