Karakana Ndogo Tuliyoiruka

Yeyote aliyepanda kutoka Kimilili hadi Kapsokwony kwa pikipiki anaijua hesabu ambayo wanafunzi wetu huikariri tu ubaoni. Mfuko mmoja wa saruji ukipakiwa, injini hunung'unika. Ukiongezwa wa pili, abiria hushuka akatembea. Injini haikupungua nguvu. Mzigo ndio uliozidi.

Hesabu hiyo ndiyo iliyomwinua Mwingereza Colin Chapman. Mwaka 1948, akiwa mwanafunzi wa uhandisi jijini London, alichukua kigari kikuukuu aina ya Austin Seven, akakivua bodi na kukijengea nyingine ya plaiwudi na alumini. Karakana yake ilikuwa gereji iliyokuwa nyuma ya nyumba ya wazazi wa mchumba wake. Hata kampuni ya Lotus, aliyoianzisha mwaka 1952, ilianzia katika mazizi ya zamani ya farasi nyuma ya hoteli ya babake.

Mwaka 1957 kampuni hiyo ilitoa Lotus Seven, gari la michezo la viti viwili, lisilo na mapambo, lenye uzito wa takriban kilo 500. Injini yake ya kwanza ilikuwa ya Ford, ile ile ya magari ya kawaida ya familia, yenye nguvu za farasi 40 hivi. Wepesi ndio uliolipa mbio. Tena wengi walilinunua vipande vipande na kuliunga wenyewe nyumbani, kwa kuwa vipande havikutozwa ile kodi ya ununuzi iliyolikabili gari zima. Tangu mwaka 1973 kampuni ndogo ya Caterham ndiyo inayoliendeleza.

Sisi tulianzia juu. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, hata liwe na sura mbaya na mwendo wa pole. Wahandisi wetu hawakushindwa, na wanaowacheka hadi leo wanawaonea: mwaka 1990 Nyayo Pioneer ilizinduliwa, magari matano, yenye uwezo wa kwenda kilomita 120 kwa saa. Fedha za kuyatengeneza kwa wingi hazikupatikana. Kwa maoni yangu, tuliruka ngazi. Kati ya magari matano na kiwanda cha taifa hapakuwapo karakana ya kuuza gari la kumi, kisha la ishirini.

Nitaambiwa kwamba Chapman alikuwa na vipuri tele na vilabu vya mashindano mlangoni pake. Ni kweli. Lakini gari bovu la kuanzia tunalo. Aghalabu limelala kwenye nyasi nyuma ya ofisi fulani, likingoja mnada. Mwalimu wa fizikia aliombe. Wanafunzi walifungue, kila kipande kipimwe kwa mizani ya mahindi, kisha waulizwe: kipi kingeweza kupunguzwa, na kwa nini?