Kwa nini kadogo wa zamani halali usiku

Wandugu wahitimu na wanafunzi, leo tuache kidogo mambo ya TFC na ya kutafuta kazi. Nataka kuwaeleza kitu ambacho mimi mwenyewe nilikisoma darasani bila kukielewa, mpaka kilipokuja kukaa kwenye avenyu yetu.

Kwetu Mangobo kuna mwanamume anaendesha toleka. Watu wanamwita Kadogo mpaka leo, ingawa ndevu zimeanza mvi. Mimi namwita Ya Kadogo. Alichukuliwa jeshini na miaka kumi na mbili, akaingia Kisangani pamoja na AFDL tarehe 15 Machi 1997, na akavaa tena nguo za jeshi lingine vita vilipofuata. Juni 2000 alikuwa humu humu mjini. Wale mliozaliwa baadaye mmesikia: kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wetu, mabomu zaidi ya 6,600 yakaanguka, raia zaidi ya 760 wakafa. Kila mwaka tunawakumbuka raia, na ni haki. Vijana waliobeba bunduki siku zile hatuwafikirii sana. Wengine walikuwa watoto.

Mwaka 2005 aliachishwa jeshi. CONADER ilikuwa inawapa watu dola 110 za kuanzia, kisha dola 25 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Baada ya hapo, jipange.

Sasa, siku moja Ya Kadogo akampa mtoto wa jirani baiskeli yake. Bure kabisa. Mnajua mtu wa toleka na baiskeli yake. Ndiyo shamba lake. Sisi tukacheka, tukasema leo lotoko imemfanya tajiri. Mke wake hakucheka. Akaja kwangu usiku: “Shemeji, weye si ulisoma mambo ya kichwa? Kuya basi umusemeshe.”

Nikaenda na diploma yangu ya saikolojia, miguu inatetemeka. Nikazunguka sana: hali ya hewa, bei ya chikwange, mpira. Mwisho nikauliza tu: “Ya Kadogo, unawaza kujiua?” Akaangalia chini. “Tangu Pasaka,” akasema.

Nieleze kwanza lile swali, kwa sababu wengi wanaliogopa. Banasema ukimtajia mtu kujiua, unamwekea wazo kichwani. Si kweli. Wazo likiwepo, linakuwepo kabla yako. Ukiuliza waziwazi na kwa upole, unampunguzia mzigo wa kulibeba peke yake. Na kugawa vitu vya thamani, kuaga aga, kusema “mutapumuzika na miye”, kutulia ghafla baada ya siku za huzuni, hizo ni ishara. Mimi nilizikariri kwa ajili ya mtihani, na bado nilicheka juu ya baiskeli.

Kwa nini askari, na kwa nini miaka mingi baada ya vita? Kumbukumbu ya kawaida ina mahali na tarehe: unajua lilitokea pale, na limepita. Kumbukumbu ya kiwewe inakosa hiyo tarehe. Radi inapiga, mwili unaingia Juni 2000: moyo unakimbia, jasho linatoka, mtu anajitupa chini ya kitanda. Usiku ndiyo mbaya zaidi, basi pombe inakuwa dawa ya usingizi, na pombe ikishuka huzuni inapanda. Ongeza aibu ya aliyoyafanya mwenyewe, si aliyotendewa tu. Ongeza kwamba jeshini alikuwa na kundi, cheo na amri ya kesho asubuhi, na mtaani hana hata kimoja. Na mtu aliyezoea kuona maiti, kifo hakimtishi tena kama kinavyotutisha sisi.

Hili si la Wakongo peke yao. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani walikadiria kuwa askari 30,177 wa vita vya baada ya 2001, walio kazini na waliostaafu, walikufa kwa kujiua, wakati waliouawa katika vita hivyo walikuwa 7,057. Hiyo ni nchi yenye hospitali za maaskari wa zamani kila pembe. Kwetu mtu wa namna hiyo anaitwa mlevi au ndoki. Ya Kadogo alipelekwa kwenye chumba kimoja cha maombi, akafungwa kamba siku tatu na kunyimwa chakula. Sina vita na maombi, mimi mwenyewe nasali. Lakini kumfunga kamba mtu aliyewahi kufungwa kamba vitani ni kumrudisha kulekule.

Kuna njia ambayo ilijaribiwa karibu nasi, Goma, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, pamoja na washauri wa hapa hapa Kongo, kwa wapiganaji wa zamani. Mtu anatandika kamba chini. Hiyo ni maisha yake tangu kuzaliwa. Anaweka ua pale palipokuwa na furaha, jiwe pale palipoumiza, na kijiti pale ambapo yeye mwenyewe aliumiza wengine. Kisha, siku baada ya siku, anasimulia jiwe moja moja kwa mpangilio, mpaka kila moja linapata tarehe yake na kubaki mahali pake. Kijiti nacho kinasimuliwa, hata ile raha ya kupigana ambayo wengi wanaificha kwa aibu. Dalili za kiwewe zilipungua. Kinachonigusa ni kwamba washauri walifundishwa. Hawakuwa wote madaktari. Na mji wetu ndio uliopewa kitivo cha saikolojia cha nchi nzima mwaka 1971, wakati wa UNAZA! Tumejaa wenye diploma ya saikolojia wanaouza unité.

Usiku ule sikutandika kamba yoyote, maana sikufundishwa hiyo kazi. Nilikaa naye mpaka asubuhi, mke wake akaondoa ndani kila kitu cha kujidhuru, na kulipokucha tukaenda wote watatu kwa muuguzi, naye akatuelekeza kwa daktari. Alipewa dawa, akaambiwa arudi kila wiki, na mimi nikawa namsindikiza. Mara mbili alikataa kwenda. Mara moja alikunywa, tukaanza upya.

Baiskeli alirudishiwa. Radi ikipiga bado anatoka kitandani, lakini sasa anamwamsha mke wake. Na kila tarehe 5 Juni haendeshi toleka. Anakuja kwetu tangu asubuhi, tunamenya mihogo na mama, na redio tunaizima.