Mbunifu Huanzia Sokoni

Swali ambalo mwanafunzi wa mitindo huulizwa mapema kuliko mengine yote ni hili: ubunifu wako unachota wapi? Darasani tumezoea kulijibu kwa majina ya wabunifu wakubwa, kwa bahari na machweo yake, kwa bibi aliyejua kuvaa. Majibu hayo yana ukweli, ila yanaruka mahali ambapo jicho letu hufanya kazi kila juma, yaani sokoni. Nasoma ubunifu wa mavazi Dar es Salaam, na kadiri ninavyoendelea ndivyo ninavyoamini kwamba kununua ni nusu ya fani hii. Anayejua kukikagua kitambaa, kukichagua au kukikataa na kueleza sababu, ameshaanza kubuni kabla hajashika mkasi. Historia ya mavazi ya upande huu wa Afrika inashuhudia hivyo, kwa kuwa mitindo yetu mingi imeumbwa na wanunuzi.

Katikati ya karne ya 19, kitambaa kilichotamba katika biashara ya Zanzibar kilikuwa merikani, pamba isiyopaushwa iliyoletwa na meli kutoka Salem, Massachusetts. Kilivaliwa pwani, kikasafiri na misafara hadi kwenye maziwa makuu, na njiani kilipokelewa kama fedha. Viwanda vya Uingereza vilileta vitambaa vya kuiga, lakini wateja walikwisha kuuzoea uzito wa merikani na ufumaji wake, wakaendelea kuidai. Ni vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, ndivyo vilivyokata ugavi wake na kuvipa nafasi viwanda vya Bombay. Mfanyabiashara aliyepuuza ladha ya mteja alibaki na marobota yake ghalani. Mteja huyo hakuwa na kiwanda wala hakuwahi kuiona Massachusetts, lakini kauli yake ilifika hadi kwa wafumaji.

Kanga inalionyesha jambo hili kwa uwazi zaidi. Ilienea pwani katika robo ya mwisho ya karne ya 19, ikichapwa Ulaya na India, na baadaye Japani, kwa maagizo ya wafanyabiashara wa Zanzibar na Mombasa. Nyumba ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, iliyoanza mwaka 1887, inajulikana hadi leo kwa chapa yake ya K.H.E. – Mali ya Abdulla. Mitambo ilikuwa ng'ambo, ladha ilikuwa ya wanawake wa pwani. Walitaka michoro mipya, tena upesi, na doti iliyopitwa na wakati ilishuka bei. Muuzaji alilazimika kusikiliza kinachosemwa dukani kwake na kukifikisha kwa mchoraji aliye mbali.

Kwa baadhi ya wanawake hao, uchaguzi ulikuwa na uzito kuliko urembo. Katika enzi ya utumwa, mtumwa alitambulika kwa merikani duni au kwa kaniki, kitambaa cheusi kilichotiwa nili. Baada ya utumwa kufutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliiacha kaniki, wakajinunulia kanga zenye rangi na michoro. Mwanahistoria Laura Fair ameeleza kwa kina jinsi mavazi yalivyokuwa njia yao ya kudai heshima na nafasi mpya mjini. Nikisikia mtu akisema kwamba mitindo ni anasa, huwakumbuka wanawake hao. Fedha walizokuwa nazo zilikuwa chache, na sehemu yake waliitumia kutangaza kwamba hawamilikiwi tena na mtu.

Kanga ina somo jingine kwa mwanafunzi. Umbo lake halibadiliki: pindo pande zote nne, mji katikati, jina sehemu ya chini ya mji, na vipande viwili vinavyokamilisha doti. Ndani ya mipaka hiyo pamechapwa michoro isiyohesabika kwa zaidi ya karne moja, na mipya ingali inatoka. Wanafunzi tunapenda kulalamika kwamba hatuna vitambaa vya kutosha, hatuna rangi, hatuna mashine. Mchoraji wa kanga amefanya kazi muda wote huo akiwa na mstatili mmoja na rangi chache, na wateja wake hawajamchoka.

Ukitaka kuona mnunuzi aliyebobea, nenda Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam, uwatazame akina mama wanavyonunua kanga. Husoma jina kwanza. Kisha huikunjua na kuigeuza, kuona kama rangi imepenya sawasawa upande wa pili. Huifikicha mkononi wapate kujua kama ugumu wake ni wa pamba yenyewe au ni wa wanga utakaoondoka ikifuliwa mara ya kwanza. Halafu huja swali la nani atakayeivaa. “Jina zuri, ila kwa rangi hii mama mkwe ataona namzeesha,” na kanga inarudi rafuni. Hapo malighafi imepimwa, uchapaji umepimwa, ujumbe umepimwa na mvaaji amefikiriwa. Kazi za darasani hazipimwi kwa ukamilifu wa namna hiyo kila mara.

Soko la pili linalotulea ni la mitumba: Karume pale Ilala, Gikomba kule Nairobi, Owino kule Kampala. Robota likifunguliwa, anayechagua kwanza hulipa zaidi. Nairobi nguo hizo bora za mwanzo huitwa kamera, na zinazobaki hushuka bei hadi kuuzwa kwa fungu. Kwa mwanafunzi asiye na makumbusho ya mavazi jirani, robota ndiyo maktaba. Humo mna gauni la hariri lililokatwa mshazari, likalala mwilini bila kuhitaji zipu. Humo mna shati ambalo kingo zote za mishono yake zimefichwa, hata upande wa ndani ni safi kama wa nje. Na humo mna koti la sufu, ambalo njia ya kulisoma ni kulifumua. Ukilifumua, utakuta kitambaa kigumu kilichoshikizwa kifuani kwa sindano ya mkono. Utakuta akiba ya mshono iliyoachwa ili koti liweze kupanuliwa mwenyewe akinenepa. Utakuta pia kwamba sehemu ya juu ya mkono ni pana kuliko tundu la begani inakoingia, na kwamba kuna fundi aliyeipunguza kidogo kidogo kwa uzi na mvuke hadi ikaingia bila kujikunja. Mwalimu anaweza kulieleza jambo hilo ubaoni, ila vidole hulielewa upesi zaidi.

Lakini maktaba hii ina gharama, na si haki kuifumbia macho. Nguo iliyokwisha kulipiwa na mtu wa nchi nyingine huingia sokoni kwa bei ambayo fundi wa mtaani hawezi kuifikia, maana yeye ananunua kitambaa, uzi, vifungo na umeme. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuachana na mitumba hatua kwa hatua. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika, serikali yao ikatishia kuondoa nafuu za ushuru za AGOA, mpango wake wa biashara na nchi za Afrika, na nchi nyingi za Jumuiya zikalegeza msimamo. Rwanda ilibaki na ushuru wake, uliopanda kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na Julai 2018 Marekani ikasimamisha nafuu hiyo kwa nguo zinazotoka Rwanda.

Siiamini marufuku isiyo na kitambaa nyuma yake. Tanzania inalima pamba Simiyu, Shinyanga na Mwanza, lakini sehemu kubwa ya pamba nyuzi huuzwa nje kabla haijafumwa. Kiwanda cha Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, kilichapa kanga na vitenge vilivyovaliwa nchi nzima, kisha kikadhoofika soko lilipofunguliwa kwa bidhaa za nje. Mitumba ikiondolewa bila viwanda kurudi, nafasi yake itachukuliwa na nguo mpya za polista za bei ya chini kutoka nje, ambazo fundi akizifumua hapati funzo lolote. Anayetaka tuvae vya kwetu aanze kwa kutuwekea sokoni kitambaa cha kwetu, kizuri na cha bei tunayoimudu.

Wakati tukisubiri, kuna wanaofanya kazi na kilichopo. Bobby Kolade, mbunifu wa Kampala aliyepata mafunzo yake Ulaya, alirudi Uganda akiwa na nia ya kutumia pamba ya huko, akakuta viwanda vya kuifuma ni vichache mno. Mwaka 2022 chapa yake ya Buzigahill ilianza kutoa nguo chini ya jina Return to Sender: mitumba hukatwa, huunganishwa upya, kisha huuzwa katika nchi zile zile ilikotoka. Watu wengi husifu ujasiri wa wazo hilo. Mimi navutiwa zaidi na uchaguzi unaotangulia kushona, kwa sababu kila nguo ya aina hiyo humtaka mtu aamue katika lundo fulana ipi itakaa na ipi, na kola ipi bado haijalegea. Hakuna mkasi unaoweza kuokoa uchaguzi mbaya.

Siku hizi mteja huja kwa fundi na simu mkononi. “Fundi, nataka mshono huu.” Picha imepigwa Lagos, kitambaa kilikuwa kingine na mwili ulikuwa mwingine, na fundi hodari hubadilisha anachopaswa kubadilisha. Sina ugomvi na picha, kwani zimetufungulia kazi za Waafrika wenzetu ambazo zamani tusingeziona. Wasiwasi wangu ni kwamba picha huficha deni. Sokoni namwona aliyeniuzia, namuuliza kitambaa kimetoka wapi, na namlipa. Kwenye simu nachukua tu na kuendelea.

Mkusanyiko wa Louis Vuitton wa mavazi ya kiume ya majira ya kuchipua na kiangazi ya mwaka 2012, chini ya mbunifu Kim Jones, ulitumia miraba ya mashuka ya Kimasai, na tangu hapo umetajwa mara nyingi katika mjadala wa nani anufaike na alama za jamii hiyo. Wamasai wa Kenya na Tanzania wamejipanga kuidai haki hiyo, na nawaunga mkono. Ila tunapoitazama Paris tujitazame na sisi. Mwanafunzi anayenakili shanga za Kimasai au udarizi wa kofia za Zanzibar bila kujua nani huzitengeneza, kwa muda gani na kwa malipo gani, ametenda jambo lile lile kwa kipimo kidogo.

Ndiyo maana ningetaka ununuzi ufundishwe kama somo, lenye kazi za vitendo na mtihani wake. Mwanafunzi apelekwe sokoni na fedha kidogo, arudi na kitambaa kimoja na nguo moja ya kufumua. Aeleze bei, aina ya uzi, namna kilivyofumwa au kuchapwa, kilikotoka, na vitambaa alivyovikataa kabla ya kukifikia. Hayo yaandikwe katika daftari lile lile la michoro, kwa sababu michoro yake itatoka humo. Anayenunua kwa namna hiyo hununua kidogo, maana kila kitu kinamtaka sababu, na baada ya muda sababu hizo zikirudiarudia ndizo zinazogeuka kuwa mtindo wake.

Faida yake haiishii kwenye kabati la mtu mmoja. Mnunuzi anayeweza kueleza kwa nini amekataa anaweza pia kudai: kwa muuzaji, kwa mwenye kiwanda, na kwa serikali inayoiacha pamba iondoke nchini ikiwa ghafi. Wanawake walioiacha kaniki hawakuwa na shule ya mitindo wala kura, na bado wachapaji wa ng'ambo walilazimika kufuata ladha yao. Sisi tunaosomea fani hii tuna shule na tuna kura, kwa hiyo tunapaswa kudai zaidi yao, tukianza na kitambaa cha pamba yetu kilichofumwa na kuchapwa hapa nyumbani.