Chumvi ya Mirihi na Mlango wa Ziwa Kivu

Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, nao uko Rusizi. Hapo, kati ya Kamembe upande wa Rwanda na Bukavu upande wa Kongo, maji huingia mto Rusizi, hupita kwenye mabwawa ya umeme, huteremka hadi tambarare ya Bugarama, kisha hujiunga na Ziwa Tanganyika. Watu wa hapo huuzungumzia mto huo kwa habari za umeme na za mpaka. Chumvi inayobebwa nao haitajwi sana.

Ipo, na si haba. Kivu lina kina cha mita 485, na chini kabisa hupokea maji ya chemchemi zenye joto na chumvi kutoka kwenye miamba ya volkano. Maji hayo ni mazito kuliko ya juu, ndiyo maana methani na kaboni dioksidi zimebaki zimefungiwa huko vilindini. Hata hivyo chumvi hupanda polepole na kutoka na mto. Sehemu kubwa ya chumvi iliyoyeyuka katika Tanganyika imeletwa na Rusizi. Kutoka huko mto Lukuga huichukua kidogo kidogo hadi mto Kongo, na Kongo huifikisha Atlantiki.

Mlango huo haukuwapo siku zote. Volkano za Virunga ziliziba njia ya kaskazini, ziwa likajaa, na kama miaka 10,000 iliyopita likaanza kumwagika kusini.

Pasipo na mlango, mambo huwa mengine kabisa. Ziwa Katwe, wilayani Kasese nchini Uganda, limekaa ndani ya kasoko ya volkano. Maji huingia ila hayana pa kutokea. Jua huyakausha na watu huvuna chumvi kwenye majaruba, kazi iliyorithiwa kwa vizazi vingi. Ziwa Magadi la Kenya limekusanya tabaka la magadi ambalo mahali pengine hufikia unene wa mita 40, na kampuni iliyoanzishwa 1911 huyachimba.

Wakati maji yanakauka, madini hayatui yote kwa mpigo. Katika maji ya bahari, chokaa hutangulia, jasi hufuata, na chumvi ya kloraidi, jamaa ya ile ya mezani, hungoja hadi maji yakaribie kwisha. Wilayani Rusizi kwenyewe, upande wa Rwanda, hatua ya chokaa inaonekana: chemchemi za maji moto za Mashyuza zimejenga mwamba wa chokaa ambao kiwanda cha CIMERWA hutengenezea saruji. Kloraidi ikionekana mahali, basi hapo ndipo maji ya mwisho yalipokaukia.

Hiyo ndiyo sababu wanasayansi huitafuta kwenye sayari ya Mirihi. Mwaka 2008, kamera ya joto ya chombo Mars Odyssey ilitambua sehemu takriban 200 zenye kloraidi katika miinuko ya kusini mwa sayari hiyo. Baadaye idadi iliongezeka. Mwaka 2024 kundi lililoongozwa na Valentin Bickel wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, lilitoa ramani mpya ya sehemu 965, zenye upana wa kuanzia mita 300 hadi zaidi ya kilomita tatu. Picha zilipigwa na CaSSIS, kamera iliyotengenezwa Bern na kubebwa na chombo Trace Gas Orbiter. Katika rangi zake zilizokolezwa, kloraidi huonekana ya waridi au zambarau, na programu ya kompyuta ilifunzwa kuitambua katika maelfu ya picha ambazo jicho la mtu lingechoka kuzipitia.

Nyingi ya sehemu hizo ziko mabondeni, baadhi karibu na mifereji mikavu ya kale. Zinafanana zaidi na Katwe kuliko Kivu: maji yaliingia, yakakosa pa kutokea. Lakini ulinganisho una mipaka. Magadi ni chumvi ya kaboneti, ile ya Mirihi ni kloraidi. Unene nao hautoshani: Ellen Leask na Bethany Ehlmann walionyesha mwaka 2022 kwamba tabaka za Mirihi ni nyembamba, chini ya mita tatu, na kwamba huenda maji yalitiririka huko hadi miaka bilioni 2 hadi 2.5 iliyopita. Hayo hayakuwa maziwa makubwa yaliyodumu. Yanaelekea zaidi kuwa madimbwi ya theluji au barafu iliyoyeyuka.

Umuhimu wa ramani hii uko hapa: maji ya chumvi hayagandi upesi kwenye baridi, na Ziwa Magadi, licha ya ukali wake, limejaa vijidudu vilivyozoea chumvi. Kama Mirihi iliwahi kuwa na uhai, tabaka hizo ni mahali pazuri pa kutafuta mabaki yake. Hakuna gari la utafiti lililokwisha kufika kwenye tabaka hizo kubwa za kloraidi. Ni jambo la kusikitisha, na safari zijazo zinapaswa kulirekebisha.

Walimu wa jiografia wa Rusizi wasisubiri safari hizo. Wawapeleke wanafunzi Mashyuza wakaone chokaa, kisha kwenye mlango wa Kivu, na ramani ya Mirihi waikunjue hapo hapo.