Chuma Nyuma ya Kitone Chekundu

Kitone chekundu cha kulengea bastola hutokana na taa ndogo mno inayomulika kioo. Kioo huirudisha nuru kwenye jicho, na mpigaji akaiona nukta imekaa juu ya shabaha. Si leza, hakuna mwale unaotoka nje.

Hutumia betri bapa, mara nyingi CR2032 au CR1632, na betri huisha. Kwenye vifaa ambavyo taa yake iko wazi, tone la mvua likiiangukia, nukta huvurugika. Mombasa ina kero ya ziada. Mtu akitoka Changamwe kwa gari lenye kiyoyozi, akashuka adhuhuri kwenye uwanja wa shabaha wa Bamburi, kioo kilichopoa hukutana na joto na unyevu wa pwani, kikafunikwa na ukungu papo hapo. Hapo hubaki chuma: ncha ya mbele na pengo la nyuma.

La kuamua kwanza ni kimo. Vyuma vinavyokuja na bastola kwa kawaida ni vifupi, hivyo huzibwa na kifaa cha kitone. Vinavyofaa ni virefu, vya aina iliyotengenezwa awali kwa bastola zenye kizuia sauti, na vionekane sehemu ya chini tu ya kioo. Vikipanda hadi katikati huwa kero ya kila siku kwa ajili ya dharura ya nadra. Ncha na pengo vinunuliwe kwa jozi: ncha ikizidi urefu, risasi hushuka, ikipungua, hupanda.

Pengo la nyuma lafaa kuwa jeusi tupu, maana madoa meupe hushindana na nukta. Ncha yaweza kuwa na tritiamu ya kung'aa gizani, ambayo mwanga wake hupungua kwa nusu kila miaka 12 hivi.

Kuhusu kutu, plastiki haiijui, ila hulika na kuvunjika. Chuma cha pua au chenye mipako migumu ndicho cha kuaminika karibu na bahari, nacho hupanguswa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, bila kugusa kioo.

Ufungaji ni kazi ya fundi mwenye leseni chini ya Sheria ya Silaha, Sura 114. Vyuma hurekebishwa peke yavyo, kitone peke yacho, kila kimoja kwa risasi za majaribio. Ala ya bastola nayo ipimwe upya, kwani iliyotoshea ncha fupi huenda ikaikwaza ndefu.